Mbegu ya Wazee Wanne: Uchambuzi wa Kazi ya Donald Jones

Wakulima wa Trans Nzoia na wa nyanda za juu za Mbeya, ambao kila msimu huenda dukani kununua mbegu mpya ya chotara, na ambao aghalabu hunung'unika kwamba mbegu hiyo haifai kuwekwa akiba kwa mwaka wa pili, wanafuata, wajue wasijue, hesabu iliyopigwa mwaka 1917 katika jimbo la Connecticut, Marekani, na kijana ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 30. Kijana huyo ni Donald Jones, mzaliwa wa Kansas wa mwaka 1890, aliyefanya kazi karibu umri wake wote katika kituo cha utafiti wa kilimo cha New Haven. Wasimulizi wa habari za mahindi ya kisasa huanza na wengine, nami sina ugomvi nao. Lakini nikiulizwa ni nani aliyeitoa elimu ile daftarini akaitia guniani, nitamtaja Jones kabla ya wote.

Ili kazi yake ifahamike, hatuna budi kutazama kwanza maumbile ya mhindi wenyewe. Katika bua moja mna maua ya namna mbili: kileleni zipo mbelewele, ndizo maua dume yenye chavua, na chini, penye hindi changa, zimechomoza ndevu, ambazo kila unywele wake mmoja unakwenda kwenye punje moja. Upepo ndio mshenga, na mshenga huyo hachagui, kwa hiyo shamba lolote la mahindi lililoachwa kwa Mola wake ni mahuluti matupu. George Shull huko Cold Spring Harbor, na Edward East huko Connecticut, kila mmoja kwa njia yake, waliuzuia upepo: walifunika mbelewele na ndevu kwa mifuko, wakaulazimisha mhindi kujichavusha wenyewe kizazi baada ya kizazi. Walichopata ni nasaba safi, lakini safi kwa gharama kubwa, maana mimea ilidumaa na mahindi yake yakawa madogo ya kusikitisha. Ajabu ni kwamba nasaba mbili dhaifu za namna hiyo zilipokutanishwa, watoto walizuka na nguvu ambayo haikuonekana hata kwa mababu zao wa shambani.

Mwaka 1909 Shull alieleza utaratibu uliofuata kwa akili: nasaba safi zitunzwe, zikutanishwe kila mwaka, na mkulima apewe kupanda mtoto. Kwa elimu ulikuwa hauna ila. Kwa biashara haukufaa kitu. Mbegu anayouziwa mkulima haichumwi kwenye chotara bali kwenye mama yake, na mama ni yule mdumavu, mwenye hindi dogo na punje chache zisizolingana, ambazo hata mashine ya kupandia hazikuifaa. Bei ya mbegu kama hiyo ingemshinda mkulima yeyote.

Hapo ndipo Jones alipoingia, na hakuingia na jeni mpya wala chombo kipya. Alichukua nasaba mbili safi zilizotokana na mahindi ya Leaming akazikutanisha, akachukua nyingine mbili za mahindi meupe ya Burr akazikutanisha vilevile, kisha akawaozesha wale watoto wawili wao kwa wao. Mkulima akauziwa mjukuu. Siri yote imo katika hatua hiyo moja ya ziada: mama wa mbegu inayouzwa si mnyonge tena, bali ni chotara mwenye nguvu zake timamu, mwenye hindi kubwa lililojaa punje za kutosha. Punje chache za wale wazee dhaifu zilitosha kupanda shamba la wazazi, na shamba la wazazi likatosha kuzalisha mbegu ya mashamba mengi. Ni kweli kwamba wajukuu hawakufanana wao kwa wao kama ambavyo watoto wa nasaba mbili tu wangefanana, na shambani tofauti hiyo ilionekana. Lakini mkulima halili ufanano. Mwaka 1921 George Carter, mkulima wa Clinton katika jimbo la Connecticut, alizalisha mbegu ya Burr-Leaming kwa ajili ya kuuza, na huko Iowa miaka kumi hivi, tangu 1933 hadi 1943, ilitosha kuyatoa karibu mahindi yote ya kale mashambani. (Wataalamu wa Kitale, Kenya, walipotoa mbegu ya chotara ya H611 mwaka 1964, walipita njia fupi zaidi: waliozesha moja kwa moja jamii mbili kamili, Kitale Synthetic II na Ecuador 573 iliyotoka Amerika ya Kusini, na hivyo mama mnyonge hakuwashughulisha.)

Mwaka uleule wa 1917 Jones alitoa hoja ya pili, ambayo wanafunzi huisahau kwa sababu haina gunia. Wakubwa wake walikuwa wakidhani kwamba nguvu ya chotara yatokana na kule kuchanganyika kwenyewe, kama kwamba tofauti ni kichocheo. Wengine walisema kwamba ni jeni njema zinazofunika mbaya. Wakajibiwa kuwa, kama ni hivyo, mbona hakuna aliyepata kuzikusanya zote njema katika nasaba moja safi? Jibu la Jones ni kwamba jeni hazisafiri peke yake. Mhindi una jozi kumi za kromosomu, na katika kila kromosomu njema na mbaya zimefungwa pamoja, hata kuzitenga zote ni kazi isiyokaribia kwisha. Chotara huficha kasoro za kila upande kwa wema wa upande wa pili. Watoto wake wakipandwa tena, jozi huachana, kasoro hujitokeza, na nguvu hupungua. Manung'uniko ya mkulima wetu jawabu lake ni hilo.

Ilibaki taabu ya shambani. Katika shamba la mbegu hupandwa, mathalani, safu mbili za dume kwa safu sita za jike, mbali na mahindi mengine, kisha kila mhindi wa jike hung'olewa mbelewele kabla hazijamwaga chavua. Hazitoki zote siku moja. Yabidi safu zilezile zipitwe tena na tena, asubuhi umande ukiwa bado majanini, na machipukizi ya pembeni yakaguliwe pia, kwa kuwa mbelewele moja iliyosahauliwa huharibu mbegu nyingi. Makumi ya maelfu ya vijana wa Marekani walipata ujira wao wa kiangazi kwa kazi hiyo, na makampuni yakawa yanatafuta njia ya kuiepuka.

Jones aliipata. Huko Texas palikuwa na mahindi ambayo mbelewele zake hazitoi chavua kabisa, na utasa huo haukuwa katika kromosomu bali katika saitoplazimu, ambayo mtoto huirithi kwa mama peke yake. Mwaka 1951 Jones na Paul Mangelsdorf walieleza namna ya kuutumia: jike liwe la saitoplazimu ya Texas, lisihitaji kung'olewa, na ili shamba la mkulima lisikose chavua, dume liwe na jeni za kurudisha uzazi. Mwaka 1956 Jones alipewa hataza ya utaratibu huo, na baadhi ya wenziwe walimlaumu, wakiona si haki mtafiti wa kituo cha umma kumiliki jambo kama hilo. Mimi naona lawama kubwa zaidi ilikuwa mahali pengine, wala haikuwa yake peke yake: kwa wepesi wa njia hii, ilipofika 1970 zaidi ya robo tatu ya mahindi ya Marekani yalikuwa na saitoplazimu moja.

Mwaka huo kuvu ya ubakajani, ya aina iliyoielekea saitoplazimu ya Texas hasa, ilipanda na upepo kutoka kusini hadi kaskazini, ikala kiasi cha asilimia 15 ya mavuno ya nchi nzima. Baadaye iligunduliwa kuwa protini ileile ya mitokondria inayohusika na utasa ndiyo inayoifungulia mlango sumu ya kuvu, kwa hiyo faida na hasara hazikuweza kutengwa. Jones mwenyewe alikuwa ameandika mwaka 1958 kwamba mimea iliyofanana mno huweza kuangamizwa na kimelea kipya. Alifariki mwaka 1963, kabla ya kushuhudia. Makampuni yaliirudia saitoplazimu ya kawaida, vijana wakarudi safuni pamoja na mashine. Nasaba safi nazo zimetengenezwa hata zikawa na nguvu za kutosha kuwa mama, na mbegu nyingi inayouzwa Marekani leo ni ya wazazi wawili tu, kama alivyopendekeza Shull mwaka 1909.