Nukta na Dhahabu: Kutoka Katonga hadi Beit al-Ajaib

Ufukoni Katonga, karibu na mji wa Kigoma, mitumbwi ya dagaa huburutwa mchangani asubuhi, mingine ikiwa na majina ubavuni. Jina likififia hupigwa rangi upya, wala hakuna anayeiita kazi hiyo ukarabati. Unguja mambo ni mazito zaidi. Milango ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilichongwa maandishi ya Kiarabu yakapambwa kwa dhahabu. Na tangu sehemu ya jumba hilo ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, suala la kuyarudishia maandishi ya kale mng'aro wake halikubali tena kuachiwa mafundi peke yao.

Kazi yenyewe ni ya subira. Dhahabu hufuliwa mpaka iwe nyembamba kiasi cha kupeperushwa na pumzi. Mchongo husafishwa, hupakwa gundi ya mafuta ya kitani, husubiriwa hadi unate bila ya kulowa, ndipo dhahabu ikalazwa juu yake kwa burashi laini. Rangi ya kopo iitwayo ya dhahabu ni nafuu, lakini aghalabu mng'aro wake ni wa unga wa shaba, na hewa ya chumvi huugeuza kahawia. Dhahabu halisi haishiki kutu.

Hata hivyo, usomaji ni hoja kubwa kuliko ubora wa dhahabu. Ba, ta na tha hutofautishwa na nukta tu. Fundi asiyeijua hati, akiziba nukta moja, ameua neno zima, mfano wa mtunzi aliyetosheka na vina huku mizani imempotea. Wapenzi wa tenzi, zilizoandikwa kwa karne nyingi kwa hati hiyohiyo, wanaujua uchungu wa kosa hilo. Hapana budi mwalimu wa hati atangulie mlangoni kabla ya mpaka dhahabu.

Ipo hoja nyingine, nayo yaturejesha ziwani. Ujiji ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyopeleka pembe na watumwa pwani, na utajiri wa Unguja ya karne ya 19 hautenganishiki na njia hiyo. Jiwe la ukumbusho pale Ujiji linawataja Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871, si wapagazi waliowabebea mizigo. Anayedai dhahabu irudi katika maandishi ya Barghash ana haki. Ila kibao cha maelezo kando ya mlango kiitaje na Ujiji, japo kwa wino wa kawaida.