Svchost halali na svchost bandia: jina la faili halithibitishi kitu

Kwa anayefanya kazi na kompyuta Aveba, kusini mwa Bunia katika teritwari ya Irumu, njia kuu ya virusi ni flashi. Ripoti huchapwa huku, hupelekwa mjini kutolewa kwenye karatasi, kisha flashi hurudi na kitu ambacho hakikuwamo. Mahali ambapo intaneti ni hafifu, programu ya kuzuia virusi haipati masasisho, na fundi hubaki na macho yake. Macho hayo yanaweza kufanya kazi kubwa, mradi yasiishie kwenye jina la faili.

Mwaka 2001 barua pepe za uzushi zilienea duniani zikidai kwamba sulfnbk.exe ni kirusi. Lilikuwa faili halali la Windows, na watu wengi walilifuta kwa mikono yao wenyewe. Watengeneza virusi nao hulitumia jina kuficha: scvhost.exe badala ya svchost.exe, programu halali ya Windows inayobeba huduma zake, au sifuri mahali pa herufi o. Msomaji makini atawanasa hao. Mgumu ni yule anayetumia jina sahihi kabisa.

Huyo muulize anakoishi. Mafaili ya Windows kama lsass.exe na csrss.exe hukaa ndani ya C:\Windows\System32. Svchost.exe hukaa humo pia, na kwenye Windows ya biti 64 ina nakala halali katika SysWOW64. Explorer.exe iko C:\Windows yenyewe. Katika Windows ya Kifaransa, fungua Gestionnaire des tâches, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina, kisha chagua Ouvrir l'emplacement du fichier. Svchost inayotokea AppData au kwenye flashi ichukulie kuwa ni adui. Lakini wingi wa svchost usikutishe: tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017, kompyuta yenye RAM ya kutosha huipa karibu kila huduma svchost yake, hivyo kuona makumi yake ni kawaida.

Kuna kirusi kilichoshinda hata kipimo hicho, nacho ni Conficker, kilichogunduliwa Novemba 2008. Kwenye flashi kilijificha katika folda iitwayo RECYCLER, kikaweka faili la autorun.inf (linaloiambia Windows cha kufanya flashi ikichomekwa) lililojazwa takataka ili lisisomeke kwa urahisi. Ukichomeka flashi, dirisha la Windows lilionyesha picha ya folda na maneno ya kufungua folda uone mafaili, sawasawa na yale ya kweli. Aliyebonyeza alikiendesha kirusi. Kikiisha kuingia, kilijinakili System32 kama faili la DLL lenye jina la kubahatisha, kikajiandikisha kuwa huduma, na svchost halali ndiyo ikakibeba. Ukikagua svchost hiyo ungeikuta safi, mahali pake panapostahili. Februari 2011 Microsoft ilisambaza kupitia masasisho kinga ya kuzima autorun ya flashi kwenye Windows za zamani, lakini kompyuta isiyofika kwenye intaneti haikuipata.

Kwa hiyo kipimo chenye uzito kuliko vyote ni saini ya kidijitali, hata ya mafaili ya DLL, nacho hakihitaji programu ya kununua. Wengi hutazama ukurasa wa Signatures numériques katika sifa za faili, wakiukosa wanahukumu kwamba ni kirusi. Hilo ni kosa, kwa sababu mafaili mengi halali ya Windows saini zao zimehifadhiwa katika katalogi, nje ya faili lenyewe. Katika Windows 10, fungua PowerShell uandike Get-AuthenticodeSignature, ukifuatisha na njia kamili ya faili. Amri hiyo hukagua na katalogi pia. Jibu likiwa Valid na mtiaji saini ni Microsoft, liache faili. Likiwa HashMismatch, limebadilishwa baada ya kutiwa saini. Likiwa NotSigned ndani ya System32, chunguza zaidi kabla ya kugusa, maana madereva ya printa na vifaa vingine huweka mafaili yao humo.

Leo hii, kabla ya flashi nyingine kuingia, katika mipangilio ya folda ondoa alama kwenye Masquer les extensions des fichiers dont le type est connu. Faili liitwalo ripoti.pdf.exe litaonekana jina lake lote.