Hongereni, Mafundi Umeme wa Nyumba Kongwe

Kufunga umeme kwenye nyumba mpya ni kazi ya heshima. Kuusuka upya kwenye nyumba kongwe iliyoongezwa vyumba kunataka ujuzi na subira zaidi. Nyumba nyingi za zamani za Ilala na Temeke, Dar es Salaam, zina ukumbi wa kati na ua nyuma. Familia ilipokua, vyumba viliongezwa uani, na kila kipya kikavuta umeme kwenye soketi ya chumba cha jirani. Nyaya zilizotandazwa kwa ajili ya taa na redio sasa zinabebeshwa friji, pasi na jiko.

Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haanzi na soketi. Hupanda darini kwenye joto la bati, hufuatilia kila waya, kisha hugawa saketi upya: milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, waya mnene zaidi kwa jiko. Huchimbia fimbo ya ethi na kufunga breka inayokata umeme unapovuja.

Kazi hiyo hufichwa na plasta, lakini huokoa maisha. Mafundi, hongereni sana! Nasi wateja tuwalipeni mnavyostahili.