Picha ya Mtemi Huanzia Kiunoni

Juzi mjini Bariadi watu walijazana mbele ya picha ya mtemi wa Ntuzu, utemi wa zamani wa huko, wakisifia macho yake. Macho ni kazi ya mwanafunzi. Ngozi ya simba ilikuwa imemkaa begani kama kitenge, na hakuna aliyeliona hilo.

Kagua uzito kwanza. Ngozi nzito huvuta bega, huacha kivuli kinene chini ya ukingo wake, na shingo hukaza upande mmoja. Jambia likichomekwa mshipini, mshipi hulala upande huo na kanzu hujikunja juu yake. Usipomvalisha mtu halisi huwezi kuyajua haya. Mzee aliyetufundisha brashi, enzi zile kila bango la Bariadi liliandikwa kwa mkono, alimtwisha mteja kiroba cha pamba begani, akamsimamisha mpaka jasho limtoke, ndipo akashika mkaa. Leo vijana wanachora kutoka kwenye simu.

Mchoraji Edward Mooney alikuwa na mtu mbele yake. Mwaka 1840 merikebu Sultana ya Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, ilitia nanga New York, naye Mooney akamchora mjumbe wa sultani, Ahmad bin Naaman. Tazama kilemba kile: kimelemea kichwa. Ndiyo maana heshima ya yule bwana unaiamini.

Dhahabu haipakwi kwa rangi ya dhahabu ya kopo. Kamwe. Ni njano, hudhurungi na tone la nyeupe. Goya, mchoraji wa ikulu ya Hispania, alipochora familia ya Charles IV mwaka 1800 na 1801, nishani alizitia kwa madoa mazito: ukisogea unaona rangi tu, ukirudi nyuma zinawaka. Na ili ziwake, nyuma ya mtawala pawe peusi.

Matapeli huchapisha foto kwenye kanvasi, wakapitisha vanishi nzito juu yake. Imulike kwa ubavu. Brashi ya kweli huzunguka na shavu. Yao hupita shavuni na ukutani kwa mwelekeo mmoja.

Ntuzu hapakuwa na mchoraji wa ikulu, na utemi ulifutwa mwaka 1963. Vilivyobaki ni vitu. Basi la Mwanza linapita Kisesa. Shuka, panda hadi makumbusho ya Bujora, ukae na viti na ngoma za watemi. Anayeona uchungu wa nauli hiyo asipewe kazi ya kumchora mtemi.