Mzee wa Miaka 102 Alizipata Wapi Kilomita 2.7 za Ziada?

Tarehe 17 Februari 2012, katika uwanja wa ndani wa mbio za baiskeli huko Aigle, Uswisi, Mfaransa Robert Marchand alikanyaga pedeli kwa saa moja mfululizo na kumaliza kilomita 24.251. Alikuwa na miaka 100. Tarehe 31 Januari 2014, katika uwanja wa Saint-Quentin-en-Yvelines ulio karibu na Paris, alirudia jaribio hilohilo akafikisha kilomita 26.927. Safari hii alikuwa na miaka 102.

Magazeti yaliandika kuhusu umri wake, na yalikuwa na haki. Lakini kwa anayetaka kujua jambo hili lilifanyikaje, kiini ni ile tofauti ya mita 2,676, yaani ongezeko la asilimia 11, katika miaka ambayo mwili hutarajiwa kupoteza tu. Kwa bahati njema, tofauti hiyo ilipimwa. Kabla ya kila rekodi, Marchand alipandishwa kwenye baiskeli ya maabara na watafiti walioongozwa na Véronique Billat, mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017 katika Journal of Applied Physiology. Kwa takwimu hizo tunaweza kufuatilia kilichoongezeka, kilichobaki palepale, na mazoezi yaliyoleta mabadiliko hayo.

Kwanza, huyu ni nani? Marchand alizaliwa Amiens tarehe 26 Novemba 1911. Alishiriki mbio za baiskeli ujanani, lakini aliambiwa kwamba kwa kimo chake cha kama mita moja na nusu hawezi kuwa bingwa. Akaiweka baiskeli kando. Alifanya kazi ya zimamoto Paris, akaendesha malori Venezuela, akakata miti Kanada, kisha akarudi Ufaransa kutunza bustani na kuuza mvinyo. Baiskeli aliirudia kwa dhati alipokaribia miaka 70. Baada ya hapo alishiriki safari ya Bordeaux hadi Paris mara kadhaa, na mwaka 1992, akiwa na miaka 80, akaendesha kutoka Paris hadi Moscow. Basi huyu ni mtu aliyerudi, na aliporudi alidumu. Ile rekodi ya mwaka 2012 ilikuwa na zaidi ya miaka 30 ya mazoezi nyuma yake.

Hewa inadai kiasi gani

Kwenye uwanja tambarare ulioezekwa, mpinzani mkubwa wa mwendesha baiskeli ni hewa, na hewa hulipwa kwa kipeo cha tatu. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 11, wati unazohitaji kuipasua hewa haziongezeki kwa asilimia 11, bali kwa 1.11 mara 1.11 mara 1.11, ambayo ni takriban asilimia 37. Ndiyo maana waendeshaji hodari huhangaika miezi mingi kutafuta kilomita moja zaidi kwa saa.

Sasa tazama maabara. Katika kipimo cha kwanza, kilele cha Marchand kilikuwa wati 90. Katika cha pili kilikuwa wati 125, ongezeko la asilimia 39. Hesabu ya uwanjani na ile ya maabara zinakaribiana sana. Tusizilinganishe hadi nukta ya mwisho, kwa sababu viwanja vilikuwa tofauti, cha Aigle kikiwa na mzunguko wa mita 200 na cha Saint-Quentin mita 250, na kilele cha maabara ni cha muda mfupi kuliko saa nzima. Hata hivyo ujumbe wake hauna utata. Zile kilomita hazikuletwa na ujanja wa vifaa peke yake. Injini yenyewe ilikuwa imebadilika.

Miguu ilibadilika kwa namna gani

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakisikia wati zimepanda, hudhani misuli imenenepa. Kwa Marchand, uzito wa mwili haukubadilika, wala uzito wa mwili bila mafuta, ambao misuli imo ndani yake. Kilichobadilika ni idadi ya juu kabisa ya mizunguko ya pedeli aliyoweza kufikisha kwa dakika: kutoka 69 hadi 90.

Wati ni zao la vitu viwili, msukumo wa mguu kwenye pedeli na wepesi wa pedeli kuzunguka. Gawanya wati 90 kwa mizunguko 69, unapata 1.30. Gawanya wati 125 kwa mizunguko 90, unapata 1.39. Maana yake ni kwamba msukumo wa kila mzunguko uliongezeka kwa asilimia 6 au 7 tu, ilhali wepesi uliongezeka kwa asilimia 30. Sehemu kubwa ya faida ilitokana na miguu kujifunza kuzunguka haraka zaidi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mzee. Kadiri umri unavyosonga, mwili hupoteza kwanza zile nyuzi za misuli zinazofanya kazi haraka, pamoja na baadhi ya mishipa ya fahamu inayoziamuru. Nyuzi za polepole hudumu zaidi. Ndiyo sababu mzee anaweza kutembea umbali mrefu lakini akashindwa kuwahi basi. Marchand alirudisha sehemu ya wepesi huo baada ya kutimiza miaka 100.

Uwanjani wepesi una thamani hata zaidi, kwa kuwa baiskeli za huko zina gia moja, na pedeli huzunguka muda wote magurudumu yanapozunguka. Hakuna kubadili gia katikati ya jaribio. Tuseme gia inayosogeza baiskeli mita 6.3 kwa kila mzunguko wa pedeli. Kwa gia hiyo, kilomita 24.251 kwa saa zinahitaji mizunguko 64 kwa dakika, na kilomita 26.927 zinahitaji 71. Mtu mwenye kikomo cha 69 analazimika kukaa karibu kabisa na kikomo chake saa nzima, na ile 71 haipo kabisa katika uwezo wake. Mwenye kikomo cha 90 anaifanya hiyo 71 akiwa amebakiza akiba ya mizunguko 19.

Pumzi na moyo

Kiwango cha juu cha matumizi ya oksijeni, kipimo kikuu cha stamina, kilipanda kutoka mililita 31 hadi 35 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Hiyo ni asilimia 13. Mapigo ya juu ya moyo, kinyume chake, yalibaki karibu palepale, 134 kwa dakika mwanzoni na 137 baadaye. Hili halishangazi, maana kikomo cha mapigo hushuka na umri na mazoezi hayakipandishi. Lakini ukigawanya oksijeni kwa mapigo, unakuta kila pigo moja lilihudumia oksijeni zaidi kwa takriban asilimia 10. Ama moyo ulisukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, ama misuli ilichota oksijeni zaidi kutoka kwenye damu ileile, ama yote mawili.

Mapafu nayo yalisaidia. Hewa aliyovuta alipofikia kilele iliongezeka kutoka lita 57 hadi lita 70 kwa dakika. Idadi ya pumzi ilipanda kidogo, kutoka 38 hadi 41, huku ujazo wa kila pumzi ukitoka lita 1.5 hadi 1.7. Alivuta hewa kwa kina zaidi, na akaweza kustahimili zaidi ile hali ya kuhema inayomfanya mtu atamani kuacha.

Mazoezi yenyewe

Kwa miaka miwili Marchand aliendesha kilomita 5,000 kwa mwaka, wastani wa chini kidogo ya kilomita 14 kwa siku. Hazikuendeshwa zote kwa mwendo mmoja. Asilimia 80, yaani kilomita 4,000, zilikuwa nyepesi. Asilimia 20, yaani kilomita 1,000, zilikuwa ngumu. Ile kanda ya katikati, ambayo mtu anatweta kiasi na kujiona amefanya kazi, iliachwa.

Kipimo cha uzito wa zoezi hakikuwa mashine bali hisia ya mwendeshaji mwenyewe, kwa kutumia mizani ya Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, inayoanzia 6 hadi 20. Kilomita nyepesi zilikuwa 12 kushuka chini. Ngumu zilikuwa 15 kwenda juu. Kwa watu wazima mizani hii ina faida moja kubwa: baadhi ya dawa za presha hushusha mapigo ya moyo, kwa hiyo saa ya mkononi inayohesabu mapigo inaweza kumdanganya anayezitumia. Hisia ya kazi haipotoshwi kiasi hicho.

Mizunguko ya pedeli katika mazoezi ilikuwa kati ya 50 na 70 kwa dakika. Kijana wa mbio akisoma hivyo atacheka, maana yeye huzungusha 90 bila kufikiri. Asicheke. Kwa mtu ambaye kikomo chake kilikuwa 69, kuelekea 70 ni kwenda kugonga dari. Siku baada ya siku miguu ilipelekwa jirani na kikomo chake, hadi kikomo chenyewe kikasogea.

Mpango huu unafanya kazi kwa sababu sehemu zake mbili hulindana. Kilomita nyepesi hujenga stamina bila kumchosha mtu ambaye mwili wake huchelewa kujikarabati. Kilomita ngumu huamsha zile nyuzi za haraka ambazo mwendo wa starehe hauzigusi. Ukiendesha kila siku kwa ugumu wa wastani, unachoka kiasi cha kushindwa kufanya zoezi kali ipasavyo, lakini hupati ukali wa kutosha kubadilisha chochote.

Mipaka ya ushahidi

Huyu ni mtu mmoja, mwenye urithi mzuri wa kimwili na miongo mitatu ya baiskeli mwilini. Hakuna pacha wake aliyefuata mpango mwingine ili tulinganishe. Wala mazoezi hayakuusimamisha umri. Tarehe 4 Januari 2017, akiwa na miaka 105, alirudi Saint-Quentin akamaliza kilomita 22.547. Aliwaambia waandishi kwamba hakuiona alama iliyoonyesha zimebaki dakika 10, na kwamba angeiona angekaza mwendo. Pengine angeongeza mita kadhaa, lakini pengo la zaidi ya kilomita 4 kutoka rekodi yake ya 2014 lisingezibwa na dakika 10. Alifariki Mei 2021 akiwa na miaka 109.

Kwa hiyo Marchand hakuthibitisha kwamba kila mzee atapata asilimia 39. Alithibitisha jambo dogo lakini gumu kukanusha: uwezo wa mwili kuitikia mazoezi hauna umri unaojulikana wa kufungwa.

Cha kuchukua kwa anayerudi

Anayerudi barabarani akiwa na miaka 55 au 65, iwe Morogoro au Kisumu, hahitaji maabara. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua aanze kwa daktari. Kisha ashughulikie kiti. Wengi hukishusha ili miguu ifike chini kwa urahisi, halafu hulaumu magoti. Kiti kikae kiasi kwamba kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unanyooka. Anayehofia kuanguka akipandishe kidogo kidogo, wiki kwa wiki.

Mizani ya Borg nayo ina kipimo chake cha mdomoni. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, upo kwenye asilimia 80. Ukitoa maneno matatu halafu ukavuta pumzi, upo kwenye asilimia 20. Katika safari tano za wiki, nne ziwe za aina ya kwanza na moja ya aina ya pili, na hiyo moja isianzwe hadi miezi miwili ya mwendo mwepesi ipite.

Baiskeli ya gia moja, ile nzito ya kubebea mizigo, ina tabia ya kumfundisha mtu kusukuma kwa nguvu na polepole, kinyume kabisa na alichofanya Marchand. Kwa siku za mazoezi, ivue mizigo, chagua barabara tambarare, na mlimani shuka ukokote bila aibu. Mwenye baiskeli ya gia nyingi atumie nyepesi kuliko anavyodhani inamfaa.

Maendeleo yake ayapime kama yalivyopimwa ya Marchand. Achague kipande kilekile cha barabara, gia ileile, na ahesabu mguu mmoja unashuka mara ngapi kwa dakika anapozungusha kwa haraka kadiri awezavyo bila kurukaruka kitini. Aandike namba hiyo, kisha arudie kila baada ya miezi mitatu. Mizani ya uzito na kioo vinaweza visionyeshe lolote kwa muda mrefu, kama ambavyo havingeonyesha lolote kwa Marchand kati ya 2012 na 2014. Namba ya mizunguko ndiyo itakayotangulia kusogea.