Hodi ya Baiti Nane

Ukitaka kumjua fundi wa programu, usianze na ukurasa alioupamba. Mwombe akuonyeshe namna programu yake, iliyofungwa ndani ya kontena, inavyoifikia kanzidata iliyoko kwenye wingu, pengine nchi nyingine kabisa. Ni mistari michache tu, na mteja hataiona kamwe. Lakini umakini wote wa fundi umekaa hapo, na kwangu mimi ni kazi inayostahili sifa nyingi kuliko inazozipata.

Kontena, kama Docker ilivyolieneza tangu mwaka 2013, ni kitu cha kupita. Linawashwa, linahudumia, linazimwa, na jingine linashika nafasi yake bila mtu kujua. Data haiwezi kuishi hivyo. Salio la mtu, tarehe ya chanjo ya mtoto, deni la duka la jumla: hivi lazima vibaki. Ndiyo maana tunaitoa kanzidata nje na kuliacha kontena lisitunze chochote ambacho kikipotea mtu atalia.

Shida huanzia kwenye anwani. Kwenye kompyuta ya fundi, kanzidata ya PostgreSQL iko papo hapo, na programu inaiita localhost, mlango namba 5432. Programu hiyohiyo ikiingia kwenye kontena, anwani ile inaelekeza kwenye kontena lenyewe, kwa sababu kerneli ya Linux imelipa mtandao wake wa peke yake. Basi inajiita yenyewe, na humo ndani hakuna kanzidata ya kuitika. Fundi makini haandiki anwani ndani ya msimbo. Anaiacha itolewe kama kigezo cha mazingira wakati kontena linapowashwa, kanuni ambayo Adam Wiggins wa kampuni ya Heroku aliieleza mwaka 2011 katika mwongozo wake, The Twelve-Factor App.

Lakini nenosiri la kanzidata ndilo linalohitaji ulinzi zaidi. Imeji, yaani kifurushi ambacho kontena huwashwa kutokana nacho, hujengwa kwa matabaka. Ukiliandika nenosiri kwenye tabaka moja na kulifuta kwenye linalofuata, bado limelala kule chini, na yeyote aliyepata imeji anaweza kulifukua. Nenosiri halipaswi kuingia humo hata kwa dakika moja.

Kuna sehemu moja ya kazi hii ninayoipenda kuliko zote. Kabla programu haijajitambulisha kwa PostgreSQL, inaweza kutuma ujumbe wa baiti nane tu, ikiuliza kama mazungumzo yanaweza kusimbwa. Seva inajibu kwa herufi moja: S ikikubali, N ikikataa. Ni hodi hasa, na mwenye adabu hasogei mpaka asikie jibu. Ila jibu likiwa N, mpangilio wa kawaida wa libpq, maktaba ya kuunganishia programu na PostgreSQL, uitwao prefer, unaendelea tu bila usimbaji, na taarifa za watu zinapita waziwazi. Ukiweka require, programu inakataa kuendelea, lakini usimbaji peke yake haukuambii ni nani aliyeitikia. Ni verify-full inayodai cheti kilichosainiwa na mamlaka unayoiamini, chenye jina lilelile uliloliita. Imeji nyingi nyembamba hazina vyeti vya mamlaka hizo ndani yake, kwa hiyo fundi anaviweka mwenyewe. Wapo wanaoona usumbufu wakazima ukaguzi ili kazi iende. Siwezi kuwasifu.

Halafu kuna umbali. Mwanga ndani ya mkongo wa nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kanzidata ikiwa umbali wa kilomita 7,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kama mkongo umenyooka, na baharini haunyooki. Muunganisho mpya unahitaji safari kadhaa za namna hiyo: kufungua njia, kupiga hodi, kukubaliana usimbaji, kujitambulisha. Safari nne tu zinakula zaidi ya robo sekunde kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Kwa hiyo fundi anafungua miunganisho michache, anaiacha wazi, na maombi ya wateja yanapokezana kuitumia. Asiifungue mingi mno pia: PostgreSQL huanzisha mchakato mzima kwa kila muunganisho, na kikomo chake cha kawaida ni 100. Makontena kumi, kila moja likijichukulia miunganisho ishirini, yatagongana mlangoni. Programu ya PgBouncer ilitengenezwa ili isimame katikati na kugawa nafasi hizo.

Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama hizo ndipo unapoonekana uzito wa mistari ile michache. Programu iliyoandikwa vizuri haianguki muunganisho unapokatika. Inajaribu tena baada ya sekunde moja, kisha mbili, kisha nne, na kila kontena linaongeza muda kidogo wa kubahatisha ili yote yasirudi kwa pamoja na kuilemea seva inayojaribu kuinuka.

Lakini kujaribu tena nako kuna hatari yake. Mtandao ukikatika baada ya amri ya kukamilisha malipo kutumwa, na kabla ya jibu kurudi, programu haina njia ya kujua kama pesa zimekatwa. Fundi aliyeliwaza hili mapema huyapa malipo namba ya kipekee kabla hayajaondoka, na kuiagiza kanzidata isipokee namba moja mara mbili. Mtandao ukirudi, ombi linatumwa upya. Kama malipo yalishaingia, kanzidata inalikataa kwa kuwa namba hiyo tayari inayo, na programu inamjibu mteja kwamba malipo yake yameshapokelewa.