Ukali wa Gari Dogo Uko Kwenye Raba

Suzuki Swift Sport ya mwaka 2005, ile yenye namba ya kiwandani ZC31S, ni gari linalomtaka dereva afanye kazi. Injini yake ya lita 1.6 haina turbo. Ina nguvu za farasi 125, na hazitoki zote mpaka mizunguko ifike 6,800 kwa dakika. Ukitaka kulipita lori mlimani unarudi gia ya tatu, pengine ya pili, unakanyaga mafuta na kuiacha injini ilie. Uzito ni tani moja na kidogo tu, kwa hiyo nguvu hizo zinatosha kabisa. Mwaka 2007 P-G Andersson wa Sweden alitwaa ubingwa wa dunia wa rali kwa madereva chipukizi akiwa na Swift iliyoundwa kwa mashindano, na ukoo huo nauhisi hata kwenye hili langu linalobeba mchele kutoka Kariakoo.

Gari la namna hii likizeeka, watu husema injini imechoka. Mimi nabisha. Injini hii inatumia cheni badala ya mkanda, na ukiimwagia oili safi kwa wakati wake itaendelea kuvuta miaka mingi. Kinachotangulia kufa ni raba: bushi za wishiboni, maunti za injini, raba za shokapu. Joto la Dar es Salaam linazikausha, matuta yanazikandamiza, mashimo yanazichana. Dalili huja taratibu mno hata mwenye gari akazizoea. Usukani unachelewa kujibu. Ukishika breki, pua inakwenda upande. Nguvu zote zingalipo, ila ukali umekwisha.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wangu wa Ilala. Kabla ya kugusa spana, analala chini ya gari, anaingiza mtaimbo mfupi pembeni ya wishiboni na kuusukuma huku akiitazama raba ikicheza. Akishaitoa wishiboni, anapiga alama kwa chaki kuonyesha bushi ya zamani ilikaa vipi, kwa sababu raba ile ina matundu yanayotakiwa kuelekea upande wake. Kisha anaipeleka kwenye presi. Nyundo haitaki.

Kazi yenyewe hasa iko mwishoni. Gari likiwa bado kwenye jeki, bolti anazishika kwa mkono tu. “Ukikaza likiwa hewani, umeiua,” aliniambia. Raba ya bushi imegandana na chuma ndani na nje. Ukiikaza gurudumu likining’inia, gari likishuka raba inabaki imejipinda, na haichukui muda inachanika. Kwa hiyo analishusha, analitikisa likae kwenye uzito wake, kisha anajipenyeza tena chini, mahali ambapo mkono haupiti vizuri, na kukazia pale pale. Wengi hawajisumbui, na mteja hawezi kuona tofauti siku hiyo.

Tofauti huijua dereva, na huendelea kuijua kila siku ya kazi. Pale kona inapoanza, pua inaingia mara tu mkono unapougeuza usukani, na gia ya pili inaingia bila injini kuyumba.

Zinazofuata ni shokapu za nyuma. Inayovuja ni moja, lakini fundi ameshasema tutabadilisha zote mbili, nami nimekubali.